Ubingwa wa Florida haukununuliwa dukani

Tangu Julai 1, 2025 vyuo vikuu vya Marekani vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja kutoka mfuko wa chuo, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, 2025/26. Ruhusa hiyo imetokana na maridhiano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken Juni 6 mwaka huo, miezi miwili kasoro siku moja baada ya Chuo Kikuu cha Florida kutwaa ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu wa wanaume. Kwa kuwa mambo hayo yalifuatana, watu wameyafunga kama mzigo mmoja wa kuni: Florida walishinda kwa fedha, na kuanzia sasa kombe ni la mwenye mkoba mnene. Anayesema hivyo, nadhani, ameangalia matokeo bila kuangalia mechi. Kilichoipa Florida taji kinaonekana uwanjani: wachezaji watatu wa nje wenye umri na mechi nyingi miguuni, warefu wanne wa kupokezana chini ya ubao, na kocha aliyejua anachokitafuta kabla hajafungua pochi. Fedha ilikuwepo, lakini ilikuwepo pia kwa waliofungwa. Na somo ambalo kijana wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam angelichukua kutoka msimu ule ni kinyume kabisa cha lile analouziwa na mawakala.

Tuanze na msimu wenyewe, maana wengi wanaoujadili wanakumbuka usiku wa fainali tu. Florida ilianza msimu wa 2024/25 ikiwa ya 21 katika kura ya kwanza ya shirika la habari la AP, inayopanga timu bora nchini. Ikashinda mechi 13 mfululizo, ikafungwa 106-100 na Kentucky Januari 4, na siku tatu baadaye ikaichapa Tennessee, iliyokuwa namba moja nchini, 73-43. Februari 1 Tennessee ikalipiza kwao, 64-44. Wiki moja baada ya kipigo hicho Florida ikasafiri hadi Auburn, nayo wakati huo namba moja, ikashinda 90-81. Katika ligi ya SEC ilimaliza na ushindi 14 na vipigo 4, na hivyo vinne ndivyo vyote ilivyopata msimu mzima, kwani ilimaliza na rekodi ya 36-4. Ligi yenyewe haikuwa ya mchezo: timu 14 kati ya 16 za SEC zilipata nafasi kwenye mashindano ya taifa, idadi ambayo ligi nyingine yoyote haijawahi kuifikisha. Mashindano hayo ni ya timu 68, ukifungwa unarudi nyumbani, na timu kubwa huhitaji ushindi sita ili kutwaa kombe. Florida iliifunga Norfolk State 95-69, UConn iliyokuwa bingwa wa miaka miwili mfululizo 77-75, Maryland 87-71, Texas Tech 84-79, Auburn 79-73, na Houston 65-63 kwenye fainali ya Aprili 7 mjini San Antonio. Ukiziondoa Norfolk State na Maryland, pengo la mechi nne zilizobaki ni pointi 2, 5, 6 na 2. Tafadhali ziweke kichwani namba hizo, tutazirudia.

Wanaodai fedha ndiyo iliyoshinda wana hoja yenye uzito, na si haki kuipuuza. Katika watano walioanza fainali, wanne walitoka vyuo vingine. Walter Clayton Jr. alitoka Iona, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, Will Richard alitoka Belmont, na Mnigeria Rueben Chinyelu alitoka Washington State. Hata Micah Handlogten, senta wa futi 7 na inchi moja aliyekuwa akitokea benchi, alitoka Marshall. Kati ya hao watano, wanne wamechumwa kutoka vyuo visivyo na nguvu ya fedha wala ya televisheni. Mwaka huohuo timu zote 16 zilizofika hatua ya 16 bora zilitoka katika ligi nne tu kubwa, na timu nne zilizopangwa namba moja, kila moja katika kundi lake kati ya makundi manne ya mashindano, yaani Florida, Duke, Houston na Auburn, zote zikafika nusu fainali, jambo lililokuwa limetokea mara moja tu kabla ya hapo, mwaka 2008. Florida Atlantic, iliyofika nusu fainali mwaka 2023 na kuwa kipenzi cha wengi, ilibomolewa ndani ya miezi michache ya 2024: kocha Dusty May akaenda Michigan, senta wake Vlad Goldin akamfuata, Johnell Davis akaenda Arkansas, na Martin akaenda Florida. Nani atakataa kwamba hapo mwenye nguvu alikula wa mnyonge?

Kinachopotea katika hoja hiyo ni kutofautisha fedha na uhuru wa kuhama. Tangu 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa msimu mzima nje, na tangu Aprili 2024 anaweza kuhama mara nyingi apendavyo ilimradi masomo yake yako sawa. Mlango uliofunguliwa ni huo. Mchezaji wa Belmont angeweza kuondoka hata bila senti, kwa ajili ya kucheza mbele ya watu 10,000 na kuonekana na maskauti wa NBA. Clayton ni mtoto wa Lake Wales, jimbo hilohilo la Florida, na akiwa sekondari alitakiwa na vyuo kadhaa kucheza mpira wa miguu wa Kimarekani. Kocha wake Rick Pitino alipoondoka Iona mwaka 2023 kwenda St. John's, Clayton hakumfuata, alirudi kwao. Chinyelu naye aliletwa Washington State na Kyle Smith, kocha ambaye Todd Golden wa Florida alikuwa msaidizi wake San Francisco kabla ya kurithi kiti chake mwaka 2019. Smith alipohamia Stanford, Golden hakuhitaji video ya dakika tano kumjua huyo kijana ni nani na amefundishwa nini. Hesabu za fedha hazionyeshi mambo ya namna hiyo. Tena Golden hakuanza vizuri: msimu wake wa kwanza Florida ulikuwa ushindi 16 na vipigo 17, wa pili 24-12 na kutolewa mechi ya kwanza na Colorado kwa 102-100. Timu iliyofunga pointi 100 ikatolewa ilijua tatizo lake liko wapi, ikaenda sokoni kutafuta ulinzi na misuli.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba timu nne za namba moja kufika nusu fainali ni ushahidi kuwa timu ndogo zimekufa. Angalia 2023. Malipo ya matangazo kwa wachezaji yalikuwa yamesharuhusiwa tangu Julai 2021, uhamisho wa mara moja ulikuwa unatumika, na bado nusu fainali zikawa na UConn iliyopangwa namba 4, Miami na San Diego State za namba 5, na Florida Atlantic ya namba 9. Hakuna timu ya namba 1, 2 wala 3 iliyofika. Kisha rudi 2008, wakati mchezaji akipokea hata nauli nje ya utaratibu anafungiwa: timu zote nne za namba moja zikafika. Mashindano ya mtoano wa mechi moja yana kelele nyingi mno kwa mtu kujenga sheria juu ya mwaka mmoja. Iwapo 16 bora itaendelea kuwa ya ligi nne kwa miaka mitano, nitabadili msimamo.

Sasa zile namba, 2, 5, 6 na 2. Mechi ya vyuo ni dakika 40 katika vipindi viwili vya dakika 20, na timu ina sekunde 30 za kushambulia, sita zaidi ya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la kimataifa, zinazotumika kwetu. Kwa hiyo kila timu hupata mashambulizi kama 65 hadi 70. Tuseme timu nzuri hupata pointi 1.1 kwa kila shambulizi. Ukiokota mpira chini ya ubao wa mpinzani baada ya mwenzako kukosa, umepata shambulizi jipya ambalo mpinzani hana. Mara tano za ziada ni pointi tano hadi sita. Katika mechi nne ngumu za Florida, pengo halikuzidi hapo hata mara moja. Timu ikiwa na mipira mingi ya namna hiyo, yaani ribaundi za mbele, inaweza kutupa vibaya na bado ikashinda, na usiku wa fainali Florida ilitupa vibaya kwa muda mrefu.

Lakini kukimbilia ribaundi ya mbele kuna gharama, ndiyo maana makocha wengi huikataa. Anayebaki chini ya ringi baada ya mtupo hurudi nyuma amechelewa, na mpinzani hukimbia akafunga kirahisi. Pia msukumano chini ya ubao huzaa faulo, na chuoni mchezaji hutoka akifikisha tano. Hapo ndipo warefu wanne wanapolipa. Alex Condon wa Australia, Chinyelu, Thomas Haugh na Handlogten waligawana dakika 80 za nafasi mbili za ndani. Kwa pamoja walikuwa na faulo 20 za kutumia, mpinzani mwenye warefu wawili ana 10. Condon akichoka anaingia Haugh, Chinyelu akipata faulo mbili mapema anaingia Handlogten, na kasi ya kugombea mpira haipungui dakika ya 35. Handlogten hakutarajiwa hata kucheza: alivunjika mguu kwenye fainali ya kombe la SEC Machi 2024, akapanga kukaa nje msimu mzima, kisha Condon alipoumia kifundo Februari 2025 akarudi uwanjani. Mchezaji anayetoa sadaka msimu mzima wa haki yake ya kucheza kwa wiki chache za mwisho hapatikani kwa bei. Wakati warefu wawili wakigombea, watatu wa nje walirudi nyuma kuziba njia, na kwa kuwa hao watatu walikuwa wakongwe, hawakusahau.

Umri ndio sehemu ambayo wachambuzi wengi wameipita haraka. Clayton na Richard walikuwa mwaka wa nne chuoni, Martin wa tano kwa kutumia mwaka wa ziada waliopewa waliocheza msimu wa korona wa 2020/21. Ukitazama mabingwa, timu zilizobebwa na vijana wa mwaka wa kwanza ni Syracuse 2003, Kentucky 2012 na Duke 2015. Baada ya hapo ni Villanova, North Carolina, Villanova tena, Virginia, Baylor, Kansas, UConn mara mbili, kisha Florida: timu za watu wazima. Sababu haina uchawi. Kijana wa miaka 18 anaweza kuwa na kipaji kikubwa kuliko mwenye miaka 22, lakini dakika mbili za mwisho hupimwa kwa mambo mengine: kujua saa inasomaje, kujua nani wa kumfanyia faulo, kujua lini usirushe. Kanuni za chuo zinaongeza uzito wa hayo. Faulo ya saba ya timu katika kipindi humpa mpinzani mtupo mmoja, na akikosa huo wa kwanza hapati wa pili, mpira unagombewa, hadi faulo ifike ya kumi. Timu iliyo nyuma hivyo ina njia ya kurudi ambayo FIBA haina. Florida ilikuwa nyuma ya Texas Tech kwa pointi tisa zikiwa zimebaki dakika zisizofika tatu. Texas Tech wakakosa mitupo huru, Clayton akafunga mitupo ya pointi tatu, mechi ikageuka. Alimaliza na pointi 30, na kwenye nusu fainali dhidi ya Auburn 34. Tangu Larry Bird mwaka 1979 hakuna aliyekuwa amefikisha 30 katika robo na nusu fainali za taifa mfululizo.

Fainali ilikuwa kinyume chake, na kwangu ndiyo ushahidi bora zaidi. Clayton hakufunga hata pointi moja kipindi cha kwanza, akamaliza na 11. Aliyewabeba ni Richard kwa pointi 18. Houston waliongoza kwa pointi 12 kipindi cha pili, na kwa jumla Florida iliongoza kama dakika moja tu katika dakika zote 40. Martin alifunga mitupo huru miwili zikiwa zimebaki sekunde 46, ikawa 64-63, Denzel Aberdeen akaongeza mmoja. Shambulizi la mwisho Emanuel Sharp wa Houston akapata mpira nyuma ya mstari wa pointi tatu, akaruka kutupa, akamwona Clayton anamfikia mbele ya uso. Aliyeruka na mpira hawezi kutua nao, ni kosa la kutembea. Akiuachia chini, hawezi kuwa wa kwanza kuugusa, nalo ni kosa hilohilo. Sharp akauachia, akabaki anautazama ukidunda, Condon akajirusha sakafuni, muda ukaisha bila Houston kutupa. Watu walimlaumu Sharp. Tazama tena picha uangalie miguu ya Clayton: alimfuata kwa hatua fupi, akaruka kwa wakati, na hakumgusa. Mfungaji bora wa timu, aliyekuwa na usiku mbaya wa kutupa, akashinda kombe kwa ulinzi. Golden, akiwa na miaka 39, akawa kocha mdogo zaidi kulichukua tangu Jim Valvano mwaka 1983.

Duke ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba kipaji ghali kinatosha. Ilikuwa na Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach, wote wa mwaka wa kwanza, wote wakachaguliwa ndani ya kumi wa kwanza NBA Juni 2025. Kwenye nusu fainali iliongoza Houston kwa pointi 14 kipindi cha pili na kwa sita ikiwa imebaki chini ya dakika moja, ikafungwa 70-67. Maluach, wa futi 7 na inchi 2, alicheza zaidi ya dakika 20 bila ribaundi hata moja. Si mchezaji mbaya. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, akapita NBA Academy Africa huko Saly, Senegal, akaichezea City Oilers ya Uganda kwenye BAL, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2024 na nchi yake kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Ila usiku ule alikuwa kijana wa miaka 18 akisukumana na J'Wan Roberts, mtu mzima wa mwaka wa sita chuoni, mfupi kwake lakini anayejua kuweka nyonga mahali ambapo urefu haufiki. Chinyelu, aliyepita chuo kilekile cha Saly, aliingia fainali akiwa ameshaumaliza mwaka mmoja wa kujifunza Washington State.

Hapo ndipo hesabu ya vijana wetu inapobadilika. Kwa miaka mingi mfano uliotumika Tanzania ni Hasheem Thabeet: mrefu wa futi 7 na inchi 3, akatoka Dar es Salaam, akasoma mwaka wa sekondari Houston, akaingia UConn 2006, akakaa misimu mitatu, akafika nusu fainali ya taifa 2009 na kuchaguliwa wa pili NBA mwaka huo. Watu wanakumbuka urefu, wanasahau ile misimu mitatu. Leo chuo kikubwa hakina sababu ya kumsubiri mtu misimu mitatu. Kikosi ni wachezaji 15, na nafasi moja unaweza kuijaza na mtu wa miaka 22 aliyeshathibitisha kwingine. Kijana mbichi akikubaliwa na chuo kikubwa ataishia kwenye kiti cha kumi na nne, mwaka utapita, atahamishwa akiwa hana hata mechi kumi za kuonyesha. Njia ya Clayton, Richard na Martin ni nyingine: nenda chuo kidogo, upate dakika za kucheza mapema, kisha uchaguliwe. Swali la kumwuliza kocha anayemtaka mwanao ni hili: nafasi yake ina wangapi wanaobaki mwakani, na wangapi wanaondoka?

Yako pia mambo ya makaratasi ambayo hayasamehe. NCAA hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa 2.3 katika mizani ya 4.0 kwa vyuo vya daraja la kwanza la mashindano yake, na vyeti hupimwa somo kwa somo, kwa hiyo aliyeacha hisabati kidato cha tatu amejifungia mwenyewe. Kuhusu zile milioni, mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, yaani F-1, haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, na ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Malipo mapya ya wanamichezo hayajapewa kifungu chake katika sheria ya uhamiaji, hivyo kijana wa Mombasa anaweza kukaa chumba kimoja na Mmarekani anayelipwa laki kadhaa za dola huku yeye akiogopa kusaini tangazo la viatu.

Na viza yenyewe sasa ndiyo kikwazo kikubwa kuliko yote. Aprili 5, 2025, siku ileile Duke ilipocheza na Houston, Marco Rubio, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, Maluach akiwa mmoja wao. Tangazo la Rais Trump la Juni mwaka huo likasitisha viza mpya za F kwa raia wa Burundi, na lile la Desemba likaiingiza Tanzania kwenye orodha hiyo kuanzia Januari 1, 2026. Mwenye pasipoti ya Tanzania anayetaka kupita njia ya Thabeet anakutana na kizuizi kabla kocha yeyote hajauliza urefu wake. Wakala anayeendelea kuchukua ada ya maandalizi kwa mzazi wa Mwanza au Bujumbura bila kumweleza hilo ana jambo la kujibu, na mzazi ana haki ya kulidai jibu kwa maandishi kabla ya kutoa shilingi.